Makaburi ya Lothagam na Mazishi Yetu

Hapa Lafey ukiuliza ukubwa wa mtu utaambiwa idadi ya ngamia wake. Sisi tuliotoka bara tunahesabu magari kwenye mazishi yake.

Sasa twende Lothagam, karibu na Ziwa Turkana. Miaka kama 5,000 iliyopita, ziwa likipungua na malisho yakihama, wafugaji wa kwanza wa nchi hii walizika pale watu wasiopungua 580, kwa karne kadhaa, katika shimo moja kubwa. Kisha wakalifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo. Watafiti walioongozwa na Elisabeth Hildebrand walitangaza matokeo yao mwaka 2018. Walikuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni, mawe ya rangi, pete za meno ya kiboko. Mmoja alivikwa pambo la kichwa la meno ya panya wa jangwani zaidi ya 100. (Mimi panya mmoja wa jikoni hunimaliza wiki nzima!)

Kaburi la mkubwa halikuonekana. Karibu kila mtu alipambwa: wazee, akina mama, watoto.

Mwaka jana nilizika wawili wiki moja. Wa kwanza, hema, vipaza sauti, mahubiri saa nzima. Wa pili alichunga mbuzi wa watu. Nilimaliza kwa dakika kumi, na jina lake nililisoma kwenye karatasi.

Soma Yakobo 2. Kamati ya mazishi inakutana Jumapili baada ya ibada. Njoo tukubaliane hema moja, viti vilevile na mahubiri ya urefu uleule kwa kila mtu, nikiwemo mimi mchungaji wako.