Lami ya Nusu Peni

Waingereza wana msemo usemao: usiiharibu meli kwa lami ya nusu peni. Huambiwa mtu aliyekwisha kutumia mali nyingi katika jambo, kisha akabania kitu kidogo cha mwisho, na jambo lote likaharibika. Kabla ya mwaka 1971 pauni moja ilikuwa na peni 240. Basi nusu peni ilikuwa sehemu moja tu katika 480 za pauni.

Asiyejua asili ya msemo huu hudhani ulitoka kwa mabaharia, maana meli za mbao zilipakwa lami ili maji yasipenye. Kumbe ulitoka kwa wachungaji. Kondoo akiwa na kidonda, nzi hutaga mayai hapo, na mabuu humla akiwa hai. Mchungaji alizuia balaa hilo kwa kupaka lami. Mwaka 1631 Kapteni John Smith, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Jamestown huko Virginia mwaka 1607, aliandika juu ya watu walio radhi kupoteza kondoo kumi kuliko kugharimia lami ya nusu peni.

Kondoo aligeukaje meli? Kwa Kiingereza sanifu, sheep na ship hutofautiana kwa irabu tu. Katika lahaja kadhaa za mashambani, kondoo alitamkwa kama meli, na waliosikia wakadhani meli ndiyo iliyotajwa.

Sisi wenye Kiswahili tulichekwa sana darasani kwa kutoyatenga maneno hayo mawili, kwa kuwa irabu yetu ya i ni moja. Nilipoijua historia hii nilifarijika: wenye lugha wenyewe waliteleza papo hapo, na kuteleza kwao kukawa methali.

Hata hivyo maana haikupotea, kwa kuwa lami ilifaa kwa kondoo na kwa meli pia. Jirani yake kwetu ni usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini naona tofauti. Methali yetu humwonya yeyote anayechelewa. Msemo wa lami humlaumu mwenye uwezo aliyefanya ubahili. Maskini ambaye nusu peni hana, tusimtupie msemo huu. Mwenye kondoo kumi anayo.