Mwongozaji Aliyekataa: Siku Moja Kati ya Masasi na Newala

Wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu wanajua kwamba sipendi kuongozwa. Nikifika mji mgeni hununua gazeti, hutafuta mahali pa chai, kisha hutembea hadi miguu ichoke. Mwezi Juni uliopita, hata hivyo, nilikuwa na siku moja tu ya kuiona Masasi na kupanda hadi Newala, na mwenyeji wangu akanishauri nitafute mtu wa kunitembeza. Huku kusini kampuni za kutembeza wageni ni chache. Watalii wengi huishia Kilwa au Mikindani. Akanitafutia mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee aliyekaribia miaka themanini, mwenye fimbo, kofia ya kufuma na kumbukumbu isiyotetereka. Tulipatana malipo ya siku, chakula cha mchana na nauli ya kumrudisha kwake jioni. Nilimwita Mzee, naye akaniita mwanangu, ingawa mvi zangu hazifichiki tena.

Nilikuwa na ajenda. Katika begi langu mlikuwa na dodoso nililoliandaa kwa ajili ya utafiti mdogo juu ya kumbukumbu za utumwa katika njia ya kusini, ile iliyotoka Ziwa Nyasa kupitia nchi ya Wayao hadi Kilwa Kivinje. Njia ya kati, ya Ujiji hadi Bagamoyo, imepata watetezi wake, na tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Njia ya kusini haijapata bahati hiyo, japo katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za biashara hiyo katika pwani yetu. Nilidhani ninakwenda kurekebisha dhuluma.

Tulianza na milima. Mgeni anayeingia Masasi kwa mara ya kwanza huona milima ya mawe iliyosimama peke yake katikati ya tambarare, kila mmoja na umbo lake, kama viumbe waliokatazwa kusogeleana. Chini ya milima hiyo, mwishoni mwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alifika kutoka Unguja akiwa na kundi la wanaume na wanawake walioachiwa huru kutoka utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa miaka mitatu kabla, mwaka 1873, na juu ya uwanja wake pale Mkunazini kanisa kuu lilikuwa likijengwa. Steere alikusudia kuwapeleka watu wale mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walikuwa wametekwa. Hawakufika. Walipoiona Masasi, yenye ardhi nzuri na maji, walikaa.

Vitabu vya shule husimulia hadi hapo, na picha inayobaki ni nzuri: watumwa wamekuwa huru, wamepewa ardhi, wamejenga kijiji. Mzee aliendelea pale vitabu vinapoacha. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua watu. Fikiria mtu aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari, akaachiwa huru, akarudishwa bara, kisha miaka sita baadaye akatekwa tena. Misheni ilijaribu kuwakomboa waliochukuliwa, ikahamishia kitovu chake Newala chini ya kivuli cha Matola, mkuu wa Wayao aliyekuwa na nguvu juu ya uwanda, na baadaye ikairudia Masasi. Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilipowaka kusini, misheni ya Masasi iliharibiwa tena.

Tulikuwa tumesimama penye kivuli karibu na kanisa. Nikaona wakati umefika. Nikatoa dodoso, nikamwomba Mzee anipeleke kwa familia mbili au tatu zenye asili ya wale waliotoka Unguja mwaka 1876.

Alilichukua dodoso, akavaa miwani, akalisoma lote bila haraka, kama asomavyo mwalimu karatasi ya mwanafunzi. Swali la nne liliuliza: asili ya ukoo wako ni ipi? Akanirudishia.

"Mwanangu, mahali nitakuonyesha pote. Watu sitakuonyesha."

Nilijaribu kumshawishi. Nilisema utumwa haukuwa kosa la aliyefanywa mtumwa, na kwamba aibu inapaswa kuwa ya waliouza na walionunua. Nilisema pia, na sasa naona haya kuikumbuka sauti yangu, kwamba majina hayatachapishwa. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama ninajua mtu wa huku akikutana na mtu mwingine anaanza kwa kumuuliza nini.

Hapo ndipo somo lilipogeuka, mwalimu akawa yeye na mwanafunzi nikawa mimi. Wamakua, Wayao na Wamakonde wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Wamakua wanauita nihimo, na watu wawili wageni kabisa wakigundua kwamba nihimo yao ni moja, wameshakuwa ndugu. Hawataoana, na mmoja akifiwa, mwingine atakaa matanga. Kwa hiyo mtu aliyeletwa peke yake, ambaye hakuna ajuaye mama wa mama yake ni nani, hakukosa uhuru tu. Alikosa mahali pa kuanzia mazungumzo. Hati ya kuachiwa huru haikuweza kumpa kitu hicho, wala kanisa halikuweza kumpa kikamilifu, ingawa lilijaribu. Watu walikitengeneza wenyewe, kwa ndoa, kwa ujirani, kwa kupokewa katika koo za wengine, kwa miaka mingi ya kunyamaza kwa makusudi. "Wewe unataka kufukua msingi wa nyumba ambayo watu wanaishi ndani yake," aliniambia. Niliandika sentensi hiyo nyuma ya dodoso. Ndiyo maandishi pekee yaliyowahi kuandikwa juu ya karatasi ile.

Tukaondoka kwenda Newala.

Barabara ilitupitisha katika mikorosho. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa, na kila baada ya kilomita chache tuliwaona vijana wakiwa na mashine mgongoni, vitambaa usoni, wakiwa weupe kwa vumbi. Baada ya bonde gari likaanza kupanda, na hewa ikabadilika. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mchanga wake hunywa mvua yote, na maji hutokeza chini kabisa, kwenye miteremko. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka na kupanda kutwa nzima kwa ajili ya mtungi mmoja, hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza katika miaka ya 1950. Na hata leo, madumu ya njano yaliyopangwa kando ya barabara yanakueleza kwamba jambo hilo halijaisha.

Kwa nini basi watu walichagua kuishi juu, mbali na maji? Mzee alinisimulia habari inayojulikana na wengi huku. Mtu wa kwanza aliishi peke yake porini. Akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha, na asubuhi ikawa mwanamke hai. Walizaa karibu na mto, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, wakazaa, mtoto akafa. Wakapanda juu kabisa, kwenye uwanda, mtoto akaishi. Wanahistoria tungeongeza kwamba vichaka vizito vya juu vilikuwa pia ngome dhidi ya wateka watu na wavamizi. Sioni kama maelezo haya mawili yanagombana.

Habari hiyohiyo imo katika kitabu cha Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, aliyezunguka nchi hii katika nusu ya pili ya mwaka 1906: Masasi, Chingulungulu, Newala, Mahuta. Weule hakupanga kuja kusini. Alikusudia kwenda kaskazini, kulikuwa na machafuko, serikali ya kikoloni ikamwelekeza huku. Alikuja na kamera, mashine ya kunasa sauti na hata ya picha zinazotembea. Nilikuwa nimemsoma kabla ya safari, na nilipokuwa nimesimama Newala upepo ukinipiga nilimwelewa aliposikitika juu ya baridi ya jioni za mji huu.

Weule naye alikuwa na waongozaji. Alikuwapo Mnorwei Nils Knudsen, aliyekuwa ameishi miaka mingi na Wayao wa Chingulungulu. Alikuwapo Matola mwingine, mrithi wa yule wa zamani. Alikuwapo Akida Sefu hapa Newala. Na walikuwapo wapagazi Wanyamwezi, akiwamo Pesa Mbili, kiongozi wa nyimbo za safari. Tumezoea kulalamika kwamba wageni wa kikoloni waliwafuta waongozaji wao bila hata kuwataja majina, na mara nyingi lalamiko hilo ni la haki. Kwa Weule halisimami: majina yamo, na hata michoro ya penseli iliyochorwa na watu wake imo kitabuni.

Tatizo liko kwingine. Mwaka 1906 Vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa kusini. Watu walikuwa wametoka kuona mashamba na maghala yakichomwa, na njaa ikifuata. Weule aliwasili akisindikizwa mwanzoni na mkuu wa wilaya ya Lindi mwenyewe, na alitembea na askari. Akida aliyeambiwa na mtu wa namna hiyo awaite wanawake wapigwe picha za ndonya midomoni, au amwonyeshe sherehe za unyago ambazo mwanamume wa kijijini haruhusiwi kuzikaribia, angejibu nini? Picha zile zipo. Sauti zile zipo. Vitu vilivyonunuliwa vilikwenda Leipzig. Sisi wanazuoni tunavinukuu, nami nimevinukuu darasani kwa furaha. Lakini sijawahi kumwambia mwanafunzi wangu hata mmoja aulize ni mambo gani kati ya hayo yangebaki gizani kama mwongozaji angekuwa na uwezo wa kusema alichoniambia Mzee asubuhi ile: mahali nitakuonyesha, watu sitakuonyesha.

Nilimweleza Mzee haya tukiwa tumeketi Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, ambapo ardhi inakatika ghafla na macho yanashuka hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Hakushtuka. Aliniambia kwamba kila aliyeivuka Ruvuma kuja Newala alihitaji kuonyeshwa maji. Akanikumbusha Wareno wa mwaka 1916, waliovuka mto wakaiteka boma ya Newala mwezi Oktoba, na kabla Novemba haijaisha wakaikimbia usiku, kwa sababu Wajerumani walikuwa wameshika chemchemi iliyowanywesha. "Boma walilipata," akasema, "kisima hawakukipata." Akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Ninaandika haya kwa sababu najua miongoni mwenu wamo maofisa wa utamaduni na utalii wa wilaya, na najua mipango iliyopo ya kuufungua mkoa wa Mtwara kwa utalii wa historia. Sipingi. Mabango yasimikwe, waongozaji wafundishwe na walipwe vizuri. Lakini nimeona rasimu za mafunzo ya waongozaji katika mikoa mingine, na zote zinapima jambo moja: mwongozaji anajua kiasi gani na anakisema kwa ufasaha gani. Hakuna hata moja iliyompa mwongozaji haki ya kunyamaza, wala iliyomwambia mgeni mapema kwamba kuna maswali ambayo fedha yake haiyanunui. Na vibali vya utafiti tunavyopewa vyuoni vinapigwa mihuri na ofisi kadhaa kabla ya kumfikia mtu ambaye swali la nne linamhusu. Nilikuwa na mihuri yote. Mzee hakuuliza hata mmoja.

Giza liliingia tukiwa njiani kurudi. Tulipofika Masasi alimwomba dereva asimame karibu na misheni, kabla ya mahali tulipopatana. Sikujua sababu. Alishuka, akaegemea fimbo, akanionyesha sehemu iliyokuwa giza tupu.

"Bibi yangu mzaa mama alizaliwa pale. Mama yake alikuja na Askofu, hakujua kwao. Hilo ni langu, na nimelisema mwenyewe. Ukiandika, jina liache."

Nikamhesabia malipo yake na nauli ya bodaboda. Alizihesabu tena chini ya taa ya gari, akanirudishia elfu mbili, akisema nauli ya kwake si kiasi hicho.