Usiku Mmoja Hotelini: Jibu Langu kwa Shangazi

Mniwie radhi kwa kimya. Zamu za usiku zimenibana wiki tatu mfululizo, na baridi ya huku nayo imeshaanza kuuma. Lakini leo lazima niandike, maana maneno yamenifikia mpaka huku Uingereza.

Maneno yenyewe ni kwamba nilipokuja likizo mwezi wa saba nilimchukua Mzee tukaenda kulala usiku mmoja kwenye hoteli ya watalii ndani ya Serengeti, wakati bati za nyumba ya bibi hazijanunuliwa. Shangazi, shikamoo. Ni kweli nililala. Na bati ni kweli bado. Sasa naomba unisikilize, maana jibu langu ni refu kidogo.

Lilianzia wodini. Wagonjwa wangu wengi ni wazee, na wakisikia natoka Tanzania wanachangamka: "Safari!" Neno letu wenyewe hilo. Kwetu hata kwenda Musoma kwa basi ni safari. Kwao safari ni simba, hema na shuka nyeupe. Siku moja nilikuwa nampima presha mama mmoja aliyewahi kufika Serengeti, akaniuliza, "Na wewe ulipenda hoteli ipi?" Nikakosa la kusema. Mimi niliyezaliwa Mugumu, jirani kabisa na hifadhi, sikuwahi kulala humo hata siku moja!

Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Watalii wa kwanza hawakuja na kamera, walikuja na bunduki. Mwaka 1909 Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Wawili hao waliua wanyama 512. Mahema, masanduku ya vyakula, hata vitabu vya kusoma, vyote vilibebwa na mamia ya wapagazi Waafrika. Kwa hiyo anasa ya porini tangu mwanzo ilikuwa na mabega ya watu chini yake.

Halafu ikaja hoteli. Mwaka 1932, karibu na Nyeri kule Kenya, Mwingereza Eric Sherbrooke Walker alijenga kibanda cha vyumba viwili juu ya mti, wageni watazame tembo wakinywa maji usiku. Akakiita Treetops. Februari 1952 Elizabeth alilala hapo akiwa binti mfalme. Usiku huohuo baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki Uingereza, na yeye akawa malkia akiwa juu ya mti wa Kenya. Wazee wa wodini kwangu wanaipenda sana hadithi hiyo, na mimi huwasikiliza.

Lakini wao huishia hapo, na hadithi haiishii hapo. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Msitu uleule wa Aberdare ukawa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau, watu waliodai ardhi yao, na mwaka 1954 wakakichoma moto kile kibanda. Mwaka 1957 kikajengwa kingine ng'ambo ya pili ya bwawa, kikubwa zaidi. Ukisimuliwa habari za malkia bila habari za moto, umepewa nusu.

Kwetu je? Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1958 viongozi wa Wamasai walitiwa saini karatasi ya kuondoka, na 1959 watu wao wakahamishiwa Ngorongoro. Na hilo halijaisha: tangu 2022 familia za Ngorongoro nazo zimekuwa zikihamishiwa Msomera, Handeni. Wapo wanaosema wamekwenda kwa hiari, wapo wanaosema wamesukumwa. Upande wetu wa magharibi, babu zetu waliokuwa wakiwinda nyumbu kwa upinde waliamka asubuhi wakaambiwa sasa ni majangili. Nyumbu walewale, upinde uleule.

Uhuru ulipokuja, Mwalimu hakuzivunja hifadhi. Septemba 1961, katika Tamko la Arusha la wanyamapori (si Azimio lile la 1967), aliahidi kuwalinda. Serikali ikajenga hoteli zake: Lobo, Seronera, Ngorongoro, Manyara. Wengine hawakukubali. Mwaka 1970 kulikuwa na mjadala mkali gazetini Dar es Salaam: nchi ya ujamaa inajengaje hoteli za kuwafanya vijana wake wabeba mizigo ya mabwana walewale? Issa Shivji akaukusanya mjadala huo kuwa kitabu mwaka 1973. Halafu Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, na watalii waliokuwa wakipitia Nairobi wakakauka.

Shangazi, kaka yako alikuwa mmoja wa vijana hao. Unamkumbuka na lile shati jeupe. Alitandika vitanda na kubeba masanduku porini miaka mingi, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye masanduku hayo. Ndiyo maana siwezi kuzitukana hoteli hizi. Lakini pia siwezi kusahau kwamba alitandika maelfu ya vitanda na hakulalia hata kimoja.

Basi tukaenda. Getini tulilipa kwa shilingi, kwa bei ya mwananchi, maana pasi yangu bado ni ya kwetu. Hoteli sasa, bei yake sitaitaja, mtanicheka. Niseme tu ni zamu kadhaa za usiku. Mapokezi kijana alitaka kuchukua begi la Mzee, Mzee akaling'ang'ania. Wakavutana kidogo, wote wanacheka. Mezani alisimama mara mbili kumsaidia mhudumu kutoa sahani. Mara ya pili nilimshika mkono nikamwambia, "Baba, leo kaa." Akakaa.

Usiku fisi walilia. Asubuhi nikamkuta ameshaamka, kitanda kimetandikwa, kona za shuka zimekunjwa vilevile ninavyokunja mimi wodini. Alinifundisha yeye nikiwa darasa la tatu. Nikamuuliza kitanda kilikuwaje. Akasema, "Laini mno. Hawa watu migongo haiwaumi?"

Shangazi, hilo ndilo jibu langu. Hela hiyo ilikuwa ya bati, sibishi. Nimechukua zamu mbili za ziada mwezi huu, nitatuma tarehe ishirini na tano. Mvua ikinyesha kabla ya hapo, bibi ahamie kwa Mzee.

Nawasalimu wote. Mbaki salama.