Bei Kama Kizingiti cha Matini: Majarida ya Tableti na Upeo wa Matarajio ya Msomaji, 2010–2019

Mhakiki wa fasihi hana mazoea ya kuuliza bei. Huipima matini kwa fani na maudhui yake, humweka mtunzi katika kipindi chake cha kihistoria, na pengine huitaja kampuni ya uchapishaji; lakini senti zilizopigwa chapa kwenye jalada humpita kana kwamba ni shughuli ya mwenye duka peke yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo yana hasara. Tunadai kwamba bei ni mojawapo ya yale ambayo Gérard Genette, katika kazi yake ya mwaka 1987, aliyaita vizingiti, yaani mambo yanayoizunguka matini na kumwelekeza msomaji jinsi ya kuiingia. Kisa cha majarida yaliyotengenezewa tableti nchini Marekani kinalithibitisha dai hili vizuri, kwa kuwa humo bei ilibadilishwa mara kwa mara ilhali maandishi yenyewe yalibaki karibu yale yale.

Tuanze na tukio. Apple iliionyesha iPad kwa mara ya kwanza tarehe 27 Januari 2010, ikaanza kuiuza tarehe 3 Aprili mwaka huo huo kwa bei ya kuanzia dola 499. Wachapishaji wa majarida, ambao kwa miaka kumi na zaidi walikuwa wametazama makala yao yakisomwa bure kwenye intaneti, waliipokea mashine hiyo kama mwokozi. Jarida la Wired lilitoa toleo lake la kwanza la tableti tarehe 26 Mei 2010 kwa dola 4.99, bei ile ile ya nakala ya karatasi kwenye kibanda cha magazeti. Toleo hilo lilipakuliwa zaidi ya mara 100,000. Baada ya hapo mambo yaligeuka. Kati ya Julai na Septemba wastani ulikuwa takriban nakala 31,000 kwa kila toleo, na kufikia Oktoba na Novemba mauzo yalikuwa yameshuka hadi kiasi cha 22,000 na 23,000.

Maelezo yaliyozoeleka ya mporomoko huu ni mawili. La kwanza ni kwamba upya wa kitu uliisha. La pili ni kwamba msomaji aliyezoeshwa kusoma bure hawezi tena kulipa. Yote mawili yana chembe ya ukweli, ila hayatoshi. Wasomaji wale wale walikuwa wakilipia michezo na programu ndogo ndogo kila siku, na wengi wao walikuwa wakilipia jarida hilo hilo kwa karatasi. Kilichohitaji kuulizwa si kama watu wako tayari kulipa, bali walidhani wanalipia nini.

Hapa dhana ya Hans Robert Jauss inatufaa. Katika mhadhara wake wa Konstanz mwaka 1967, Jauss alisisitiza kwamba kazi ya fasihi haimkuti msomaji akiwa mtupu. Inamkuta na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kuzisoma na na utanzu anaoutambua. Jauss hakuwa akizungumzia bei. Hata hivyo, tukiuangalia upeo wa mnunuzi wa Wired mwaka 2010, tunakuta ndani yake bei nne zinazogombana. Kulikuwa na ile ya kibanda, dola 4.99, ambayo hulipwa na abiria anayeingia ndege na hataki kurudi mikono mitupu. Kulikuwa na ya usajili wa mwaka, ambao Marekani ulipatikana kwa gharama isiyozidi sana ya nakala mbili au tatu za kibandani. Kulikuwa na ya duka la programu, ambako mchezo wa kumshughulisha mtu kwa majuma uliuzwa kwa senti 99. Na kulikuwa na intaneti, ambako makala mengi ya jarida lenyewe yalisomwa bila malipo. Mchapishaji alichagua bei ya kwanza. Msomaji alikuwa amesimama katikati ya zote nne.

Bei ya kibandani ilikuja na ahadi zake, na ahadi hizo hazikutimizwa. Anayenunua nakala ya karatasi anajua atakachopata: ataikunja, atamwazima mwenzake, atakata ukurasa na kuubandika ukutani, ataiweka rafuni. Nakala ya tableti ilikuwa na uzito wa takriban megabaiti 500, kwa sababu kila ukurasa ulihifadhiwa kama picha, mara moja kwa kushikwa wima na mara ya pili kwa kushikwa ulalo. Mashine ya bei ya chini ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 16. Kwa hiyo nakala thelathini hivi zingeijaza yote. Maandishi hayakuweza kukuzwa, kutafutwa wala kunukuliwa kwa urahisi, na haikuwezekana kumkabidhi jirani bila kumkabidhi mashine nzima ya dola 499. (Sisi tuliokulia katika nyumba ambamo The Weekly Review ya Hilary Ng'weno, iliyodumu kuanzia 1975 hadi 1999, ilipita mkononi mwa baba, kisha mjomba, kisha jirani, na ndipo ikatufikia sisi watoto, tunaelewa kwamba kuazimana si jambo la pembeni katika maisha ya jarida.)

Kwa hiyo tunausoma mporomoko wa 2010 kwa namna nyingine. Toleo la kwanza lilinunuliwa kama programu: kitu cha kuonyesha wenzako mezani ili mashine mpya istaajabiwe. Toleo la pili lilitakiwa lisomwe kama jarida. Utanzu ulibadilika mikononi mwa msomaji ilhali bei ilibaki pale pale.

Historia ya utanzu huu ilikuwa na funzo ambalo wachapishaji walilisahau. Mnamo Oktoba 1893 Frank Munsey aliteremsha bei ya jarida lake, Munsey's Magazine, kutoka senti 25 hadi senti 10. Kampuni kuu ya usambazaji wa majarida nchini Marekani ilikataa kulibeba kwa masharti hayo, naye akaamua kuwauzia wachuuzi moja kwa moja. Katika muda wa miaka miwili hivi nakala zilipanda kutoka kiasi cha 40,000 hadi nusu milioni. Tangu hapo jarida la umma la Marekani limekuwa bidhaa inayouzwa kwa bei pungufu ya gharama zake, na pengo likazibwa na matangazo. Msomaji wa karne ya ishirini alilelewa katika mpango huo, na hadithi fupi ya Kimarekani nayo ililelewa humo humo, kwani kurasa zilizolipwa na mtengenezaji wa sabuni ndizo zilizowalipa waandishi. Kumwambia msomaji huyo mwaka 2010 kwamba sasa alipe thamani kamili ya toleo moja moja ilikuwa ni kumrudisha nyuma ya 1893 bila kumweleza sababu.

Msambazaji mwenye nguvu naye alirejea. Kwa miezi mingi Apple haikuwa na njia ya kawaida ya kumwandikisha msomaji kwa mwaka. Iliitangaza tarehe 15 Februari 2011, pamoja na sharti la kuchukua asilimia 30 ya malipo. Asilimia hiyo ndiyo iliyozua kelele nyingi. Kwa maoni yetu sharti jingine lilikuwa zito zaidi, yaani kwamba jina na anwani ya msomaji hayangemfikia mchapishaji ila kwa idhini ya msomaji mwenyewe. Kwa jarida linaloishi kwa matangazo, orodha ya wasomaji ndiyo mali. Mei 2011 Condé Nast ilikubali na kuanza kuuza usajili: The New Yorker kwa dola 5.99 kwa mwezi, na majarida yake mengine kadhaa, Wired likiwemo, kwa dola 1.99. Katika mwaka mmoja bei ya toleo la Wired ilishuka kwa zaidi ya nusu, bila mtu yeyote kudai kwamba uandishi wake umedhoofika.

Mfano wa The Daily unafaa kutazamwa kwa hesabu. Gazeti hilo la News Corporation lilizinduliwa tarehe 2 Februari 2011 kwa ajili ya iPad pekee, kwa senti 99 kwa juma au dola 39.99 kwa mwaka. Rupert Murdoch alieleza kwamba gharama za kuliendesha hazingefika nusu milioni ya dola kwa juma. Lilipata wasomaji wa kulipa waliozidi 100,000, idadi ambayo majarida mengi ya fasihi duniani hayajawahi kuiota. Lakini wasomaji 100,000 wa mwaka hutoa karibu dola milioni 4. Ukiondoa asilimia 30 unabaki na milioni 2.8, na gharama za mwaka zingeweza kukaribia milioni 26. Lilifungwa tarehe 15 Desemba 2012. Anayesema kwamba lilikufa kwa kukosa wasomaji hajaitazama hesabu hii.

Kinyume chake kilikuwa The Magazine, kijarida alichokianzisha Marco Arment Oktoba 2012: makala machache kila majuma mawili, maandishi matupu, mepesi, kwa dola 1.99 kwa mwezi. Hakikuahidi karatasi wala sinema. Nacho kilikoma Desemba 2014, ila kilikuwa kimeonyesha kwamba msomaji hakuwa akilipia mapambo.

Hatua ya mwisho iliondoa bei ya toleo kabisa. Mwaka 2012 Next Issue Media, ubia wa wachapishaji wakubwa, ilianza kuuza majarida kwa jumla: dola 9.99 kwa mwezi, au 14.99 ukitaka na yale ya kila juma. Huduma hiyo ilibadilishwa jina kuwa Texture, ikanunuliwa na Apple mwaka 2018, na nafasi yake ikachukuliwa na Apple News+ tarehe 25 Machi 2019, ikiwa na majarida zaidi ya 300 kwa dola 9.99. Kwa mnunuzi huu ni urahisi ulioje! Kwa mhakiki, hata hivyo, kuna swali. Toleo la jarida ni matini yenye umbo: mhariri huiweka hadithi baada ya tahariri, na shairi mkabala wa picha, kwa makusudi. Msomaji aliyelipia ghala zima hufuata makala moja hapa na nyingine kule, na mpangilio wa mhariri humfikia kwa bahati tu. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaochunguza majarida wataendelea kutumia neno "toleo", nalo litakuwa likirejelea kitu ambacho wasomaji wengi hawakukiona kikiwa kizima.

Lipo pia suala la kumbukumbu. Mfumo wa uendeshaji ambao Apple ilitoa Septemba 2017 uliacha kuzifungua programu za zamani ambazo hazikuwa zimefanyiwa marekebisho, na nyingi zilizobeba majarida ya 2010 na 2011 zilikuwa miongoni mwao. Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alitaka kulinganisha, mbele ya darasa dogo la uzamili, toleo moja la karatasi na lile la tableti la jarida ambalo hatutalitaja. La karatasi tulilipata kwa mwenzetu aliyelileta nchini ndani ya sanduku la nguo, likiwa limepoteza jalada. La tableti lilikuwa limelipiwa, na stakabadhi ya dola 4.99 ingali kwenye barua pepe. Programu yenyewe haikufunguka, na darasa likaendelea kwa stakabadhi hiyo.