Dola Iliyohesabu Meko

Mwaka 1662 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutoza kila meko shilingi 2 kwa mwaka. Mfalme Charles II alikuwa amerejea kwenye kiti cha enzi miaka miwili tu kabla, na hazina yake ilikuwa taabani. Kwa akili ya mtoza kodi, shabaha ilikuwa nzuri: mtu anaweza kuficha fedha zake, lakini dohani huonekana kutoka barabarani. Mafukara walisamehewa. Kwa wengine wote, wakaguzi walipewa ruhusa ya kuingia ndani na kuhesabu.

Nawaomba wanafunzi wangu waisome kodi hii kwa jicho la mtumishi wa umma. Dola ilifika hadi jikoni mwa raia, ikasimama mbele ya moto wake, ikaandika idadi. Haikuuliza ubao wa karibu uko umbali gani.

Katika orodha za kodi hiyo limo jina la Thomas Farriner, mwokaji mikate wa Pudding Lane, London, mwenye meko 5 na tanuri 1. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 1666 moto ulizuka nyumbani kwake. Ulipozimwa siku nne baadaye, nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 yalikuwa yameteketea. Farriner alishikilia kwamba alikwisha kuuzima moto wake kabla ya kulala. Ghadhabu ya umma ikatafuta mgeni, ikampata Robert Hubert, fundi saa Mfaransa aliyekiri kuwa ndiye aliyeuwasha. Miongoni mwa waliotia saini hati ya mashtaka walikuwamo watu wa familia ya Farriner. Hubert alinyongwa mwezi Oktoba. Baadaye ikabainika kwamba moto ulipoanza hakuwa hata amewasili London. Kumsaka mgeni, tunaona, ni kazi nyepesi kuliko kukagua tanuri la jirani.

Hata hivyo, somo halikupotea lote. Sheria ya kuujenga upya mji, ya mwaka 1667, ilitaka kuta za nje ziwe za matofali au mawe, na kanuni za ujenzi zikaingia hadi kwenye meko yenyewe: mbao isilazwe ndani ya inchi 12 kutoka upande wa mbele wa nguzo zake, wala mti wowote usipenye ndani ya dohani. Wapimaji wakateuliwa kusimamia. Inchi hizo zina maana. Mbao iliyo jirani na moto haihitaji kuguswa na ndimi zake. Ikipashwa joto kila siku hukauka, huanza kugeuka mkaa polepole, na mbao iliyokwisha kuungua kidogo hushika moto kwa urahisi zaidi kuliko mbao mbichi. Ndiyo maana meko yanaweza kukaa miaka mingi bila ajali, mwenye nyumba akaamini kuwa ameyaweka mahali salama, kisha usiku mmoja yakamuumbua. Anayefunga jiko la kuni ndani ya nyumba leo bado anaambiwa mambo yale yale: sakafu isiyoungua chini yake na mbele yake, nafasi ya wazi kati yake na ukuta wa mbao, na bomba la moshi lisilogusa dari.

Lakini kanuni hizo zilikuwa za London. Kodi ilikuwa ya Uingereza yote pamoja na Wales. Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo.

Mwaka 1684, katika kijiji cha Churchill, Oxfordshire, moto uliteketeza nyumba zipatazo 20 na kuua watu wanne. Chanzo kinachosimuliwa ni mwokaji mikate aliyetaka kukwepa kodi: alitoboa ukuta, akaupitisha moshi wa tanuri lake kwenye dohani ya jirani. Mtu huyo hakuwa mjinga. Alifanya hesabu iliyowekwa mbele yake na serikali. Dohani ya pili ilikuwa na bei, nayo bei hiyo ilijulikana. Tundu la ukutani halikuwa na bei wala mkaguzi. Moto ukawekwa mahali ambapo kodi iliusukuma.

Waingereza walikuja na hesabu ya namna hiyo huku kwetu. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na watu wakaitikia kwa kujibana wengi chini ya paa moja. Utawala ukajibu kwa kuongeza kodi ya kichwa. Ungedhani wangekuwa wamejifunza kwao.

Kodi ya meko ilifutwa mwaka 1689, mara tu William na Mary walipotawazwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa heshima ya raia: ni udhalilishaji nyumba ya mtu kuingiwa na kupekuliwa na wasiomfahamu. Usalama wa moto haukutajwa. Mwaka 1696 ikaja kodi ya madirisha, ambayo mkaguzi aliweza kuikadiria akiwa nje, na wenye nyumba wakaanza kuziba madirisha yao kwa matofali. Kodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1851.