Masurufu ya Mwenda Machimboni: Historia na Fiqhi ya Safari Kutoka Kaisho

 

Kijana wa Kaisho anayekwenda kutafuta dhahabu Biharamulo au Geita hufunga sururu, koleo, karai, turubai, chandarua, tochi, dumu la maji, unga na maharage. Akiwa na akili huacha nyumbani nafaka ya mke na watoto, na hulipa au huandika madeni yake. Tunauliza: je, mzigo huo umetimia kisharia? Swali hili si geni katika Uislamu.

Amepokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakisema kuwa wao ni wenye kumtegemea Mwenyezi Mungu, kisha wakifika Makka huwaombaomba watu. Hapo ndipo ilipoteremka Aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayoamrisha kuchukua masurufu na kueleza kuwa yaliyo bora ni ucha Mungu. Wapo wanaoinukuu sehemu ya pili ya Aya hii na kuisahau ya kwanza. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipohajiri mwaka 622 hakutoka mikono mitupu. Chakula kiliandaliwa katika mfuko wa ngozi, na Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) akachana mshipi wake ili aufungie. Waliajiri mwongoza njia aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi, wakamkabidhi ngamia wawili na kupeana naye miadi baada ya siku tatu. Kutawakali kulikuwa na mpango.

Katika historia ya Waislamu, mojawapo ya safari za kutafuta dhahabu zilizoandikwa ni ile ya Wadi al-Allaqi, jangwa lililo kati ya mto Nile na Bahari ya Sham, kusini mashariki ya Aswan. Al-Yaqubi, mwanahistoria wa karne ya 9, ameieleza Allaqi kama mji mkubwa uliokusanya Waarabu na wasio Waarabu, wote wakitafuta dhahabu. Katikati ya karne hiyo aliingia huko Abu Abdulrahman al-Umari, mtu wa kizazi cha Umar bin al-Khattab (r.a.) aliyekuwa amesoma elimu ya dini. Al-Maqrizi amenakili kwamba wanyama waliombebea masurufu kutoka Aswan walifika 60,000. Hesabu hiyo yaelekea imetiwa chumvi, lakini maana yake iko wazi: jangwani chakula kilikuwa kazi kubwa kuliko kuchimba. Chakula kilipatikana, maji ndiyo yaliyomshinda. Kambi ilikuwa mbali na Nile, na watu wake waliposhuka mtoni kuteka maji walipigana na Wanubi. Hatimaye al-Umari aliuawa. Na tusifiche kwamba kazi ngumu ya mashimo yale ilifanywa na watumwa.

Turudi Karagwe. Kabla hata Wazungu hawajafika, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa na kituo Kafuro, karibu na makao ya wafalme wa Karagwe. Speke na Grant walimkuta Mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Stanley alipopita mwaka 1876 alipokewa na Waarabu wa Kafuro. Mmoja wa wafanyabiashara wa zama hizo ni Ahmed bin Ibrahim, ambaye inasimuliwa kuwa alifika kwa Kabaka Suuna wa Buganda mwaka 1844 na kumsikilizisha habari za Uislamu. Watu hawa hawakufuata dhahabu. Walifuata pembe za ndovu, na watumwa pia. Jambo hilo la pili hatuwezi kulisifu. Lakini namna yao ya kujiandaa inatuhusu. Msafara uliotoka Unyanyembe ulibeba merikani, shanga na waya za shaba, si kwa biashara tu, bali kwa sababu chakula cha njiani kilinunuliwa kwa hivyo, na hongo ya watawala ililipwa kwa hivyo, hasa Usui, ambako Speke alikamuliwa sana. Aliyekosea hesabu ya shanga alilala njaa.

Wakifika Kafuro walikaa miezi, wengine miaka. Hapo ndipo fiqhi inapoingia. Mwarabu wa Oman akiwa Ibadhi, madhehebu yake yanamruhusu kuendelea kupunguza Sala hata akikaa muda mrefu, maadamu hakuufanya mji ule kuwa watani wake. Mswahili wa Kishafi akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, amekwisha kuwa mkazi na lazima atimize rakaa nne. Watu wawili wa msafara mmoja, wamelala hema moja, huyu anasali mbili na yule nne, na hakuna aliyekosea katika madhehebu yake.

Mchimbaji wetu yuko katika hali hiyo hiyo. Kwanza apime njia. Masafa ya kupunguza Sala kwa Mashafi ni burudi nne, yaani kilomita 80 na ushei. Anayetoka Kaisho kwenda kwenye vilima vya bati vya Kyerwa hayafikii, basi asali kama alivyo nyumbani. Anayekwenda Geita ameyapita. Pili apime nia yake. Aliyekwenda kwa mkataba wa mwezi mzima kwenye duara la tajiri fulani huanza kutimiza siku anayofika. Ama anayetafutatafuta, anayesema nikikosa leo nahama kesho, huyu hupunguza mpaka siku 18, kwa kukisia na muda ambao Mtume (s.a.w.) alikaa Makka baada ya kuifungua.

Maji nayo ni mtihani, kama yalivyokuwa Allaqi. Maji yaliyobadilika rangi kwa udongo yanatawadhisha, hata yakiwa mekundu. Dimbwi lililooshewa dhahabu kwa zebaki ni jambo lingine: hiyo ni sumu, na mwenye kuhofia madhara ana udhuru wa kutayamamu akikosa maji mengine. Pia maji machache ya kunywa hayamwagwi kwa udhu. Lakini kwa Mashafi tayamamu ni kwa udongo wenye vumbi. Unga wa mawe yaliyosagwa na karasha hauitwi udongo, na usimdanganye mtu kwa kuwa unatimka kama vumbi. Mfuko mdogo wa udongo safi haulemei mzigo.

Kitu cha mwisho ambacho wengi hukisahau ni mizani na daftari. Mtume (s.a.w.) alimpa Bilal bin al-Harith al-Muzani machimbo ya Qabaliyya, na katika Muwatta ya Imamu Malik imekuja kwamba hayakutolewa kitu isipokuwa Zaka. Kwa kauli yenye nguvu ya Mashafi, dhahabu ya machimbo hutolewa robo ya ushuri, yaani asilimia 2.5, papo hapo bila kungoja mwaka, ikifika nisabu ya mithqali 20, takriban gramu 85. Hanafi wanatoa khumsi, kwa kuihesabu ni rikazi. Na mchimbaji mdogo asijidanganye kuwa hapati gramu 85 kwa siku moja: maadamu kazi inaendelea na chimbo ni hilo hilo, ya leo huunganishwa na ya jana, na kusimama kwa ugonjwa au chombo kuharibika hakuvunji hesabu. Gharama ya kusafisha haiondolewi katika Zaka. Bati la Kyerwa kwa Mashafi halina Zaka ya machimbo, ingawa kwa Hanbali linayo. Mwenye kulinunua ili auze hutoa Zaka ya biashara kwa madhehebu yote mawili.