Uchongaji wa wanyama wa Tabaka

Uchongaji wa wanyama wa Tabaka ni sanaa ya Abagusii, jamii ya kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya. Kitovu chake ni Tabaka, kusini mwa Kaunti ya Kisii, penye machimbo ya mawe ya sabuni.

Malighafi na kazi. Jiwe hili lina ulanga, hivyo ni laini na hukatwa kwa zana za mkono. Rangi zake ni nyeupe, waridi na kijivu. Wachimbaji hulitoa ardhini kwa sululu na mitaimbo. Mchongaji hupata umbo la jumla kwa panga, kisha hutumia kisu. Kipande husuguliwa kwa msasa na maji, kazi inayofanywa sana na wanawake, kisha hupakwa nta. Vingine hutiwa rangi na kukwaruzwa kwa ncha kali ili weupe wa jiwe uchore mistari ya manyoya au ngozi.

Mtindo. Twiga, tembo, kiboko na ndege hurahisishwa hadi mikunjo michache.

Historia. Awali yalichongwa mabakuli, viko na mbao za bao. Soko la watalii lilipanua uchongaji wa wanyama. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, ndiye mchongaji anayefahamika zaidi. Kazi yake ya ndege ipo makao makuu ya UNESCO, Paris.